Huyu ni ndugu yako kwa vyovyote vile

Saa tano na dakika kumi usiku imeli ikaingia, na mimi nilikuwa bado macho, maana wiki nzima ile nilikuwa silali vizuri nikiisubiri. Nikafungua akaunti ya vipimo vya DNA ya rafiki yangu, ile ninayomsimamia mimi, nikaenda moja kwa moja kwenye orodha ya ndugu. Juu kabisa, juu hata ya mama yake mdogo, palikuwa na jina jipya na pembeni yake namba.

1,811.

Hizo ni sentimogani, kipimo cha vipande vya DNA ambavyo watu wawili wanavyo kwa pamoja. Sikuhitaji kufungua jedwali lolote. Ingekuwa mia nane au mia tisa hivi ningezima taa nikalala, kesho yake nampigia yule dada aliyekubali kupima namwambia asante sana, umetusaidia.

Haikuwa mia nane.

Nikajua dada naye muda huohuo ameshika simu anaangalia namba ileile, ila hajui inasema nini. Nilimwahidi nitamweleza mimi. Nikabaki pale kitandani nawaza meseji niliyomwandikia miezi miwili nyuma, sentensi moja tu ndani ya ile meseji, na hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike hapa leo baada ya wiki kadhaa za kuizunguka.

Rafiki yangu ameisoma makala hii kabla yenu, na dada pia. Walipotaka nifute nimefuta, na vitu vingine nimevibadilisha ili wasijulikane.

## Nani

Wanaonisoma siku zote mnajua nafanya nini wikiendi zangu, nasaidia watu kutafuta ndugu zao kwa DNA, kwa hiyo sielezi tena mate yanawekwaje kwenye kichupa na miti ya ukoo inapangwaje. Niseme tu kwamba rafiki yangu alikuja na swali la neno moja. Nani. Mama yake alifariki bila kumtaja baba, na sio kwamba hakuulizwa, aliulizwa mpaka ikafika mahali akiulizwa anaondoka chumbani.

Mama yake mdogo akakubali kupima. Huyo ndiye aliyetuokoa, maana kila aliyelingana na rafiki yangu na akalingana na mama mdogo pia tulimweka pembeni, ni wa upande wa mama. Waliobaki ndio wa upande tusioujua. Hawakuwa wengi. Wa karibu zaidi alikuwa na 236, yani mtu ambaye babu yake na babu wa rafiki yangu huenda walikuwa ndugu wa tumbo moja. Na hapo tulikuwa na bahati, maana watu wengi walioko kwenye hizi hifadhi za DNA ni wa Marekani na Ulaya, ambaye watu wake hawajapima anaweza kukaa miaka bila kuona hata mia moja.

Nikatumia rangi, njia aliyoitoa mpanga miti mwenzetu Dana Leeds mwaka 2018. Unamchukua ndugu wa kwanza kwenye orodha unampa rangi, kila anayelingana naye unampa rangi hiyohiyo, ukimkuta asiye na rangi unaanza nyingine. Mambo yakikaa sawa unabaki na rangi nne, moja kwa kila babu na bibi. Sisi upande wa mama tulishautoa, zikabaki mbili, kijani na njano. (Ukoo ambao watu wameoana ndugu kwa ndugu vizazi na vizazi, rangi zinaingiliana na namba zinapanda kuliko undugu wenyewe, hapo unaweza kulia.)

Miezi saba nilishuka na ile miti. Unampata babu na bibi ambao kundi zima la kijani linatokea kwao, halafu unashuka, watoto, wajukuu, vitukuu, unafanya hivyohivyo kwa njano, unatafuta mahali kijani kamuoa njano. Palikuwa na mahali pamoja tu. Ndoa moja. Hao ndio wazazi wa baba yake.

Walizaa watoto watatu wa kiume. Mmoja alikufa mdogo.

Wakabaki wawili.

## Mkubwa na mdogo

Watu wengi hawajui kwamba hapa ndipo DNA inaweza kukuacha njiani. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, kromosomu Y yao ni ileile ya baba yao, kwa hiyo rafiki yangu angekuwa na Y hiyohiyo akiwa wa mkubwa au wa mdogo. Ile DNA ya upande wa mama, ya kwenye mitokondria, baba hampi mtoto, kwa hiyo haisaidii kitu. Na yule wa 236, kwake yeye mtoto wa mkubwa na mtoto wa mdogo wako umbali uleule. Ningeweza kukaa na ile laptopu mwaka mwingine mzima na isingeniambia kitu.

Na wote wawili walishatangulia mbele za haki.

Mdogo hakuacha mtoto anayejulikana. Mkubwa aliacha binti mmoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Kama baba wa rafiki yangu ni yule mdogo, basi huyu binti ni mtoto wa baba yake mkubwa, na watoto wa ndugu wawili wastani wao ni 866 kwa takwimu ambazo Blaine Bettinger, mtaalamu wa DNA na ukoo, amekuwa akizikusanya kwa watu tangu 2015. Kama ni yule mkubwa, basi wamechangia baba, na hapo wastani ni kama 1,750. Kwenye zile takwimu watoto wa ndugu wawili hawafiki 1,400, na waliochangia mzazi mmoja hawashuki chini ya 1,160, kwa hiyo pana kipande kidogo tu katikati chenye utata. Mimi nilichokuwa naogopa ni hicho kipande. Nilikuwa naogopa namba ya kati, jibu lisilo jibu.

Nikikumbuka sasa, naona nilichokuwa naogopa kilikuwa cha kwangu mimi mpanga miti. Sikukaa chini nikajiuliza yeye angeogopa nini.

## Meseji

Nainakili kama ilivyo, nimetoa majina.

"Habari za saa hizi dada. Samahani kwa kukuandikia hatujuani. Namsaidia rafiki yangu kutafuta ukoo wa baba yake na tumefika kwenye familia yenu, kwa babu yako. Tumebakiza kujua ni tawi lipi. Ukikubali kupima utatusaidia sana, gharama ni zetu. Kwa vyovyote vile, huyu ni ndugu yako."

Alijibu siku ileile, na alijibu kwa furaha kabisa. Alisema kwao wako wachache, akipata ndugu ni baraka. Halafu akaandika: "Lazima ni wa baba mdogo huyo, baba mdogo alikuwa na mambo mengi!"

Mimi nikaandika: "Tutaona."

Hilo neno moja limenikaa kooni kuliko meseji yote.

Maana mimi nilikuwa na daftari, na kwenye daftari, wiki tatu kabla ya siku hiyo, nilishaandika kwa mkono wangu "mkubwa, pengine". Nilishajua kwamba mwaka ule mkubwa na mama wa rafiki yangu walikuwa wanafanya kazi jengo moja. Sikuwa na uhakika, hiyo ni kweli, ila sikuwa hamsini kwa hamsini pia. Yeye akaniambia anachofikiria, akaniachia mlango wazi kabisa nimwambie dada ngoja, inawezekana ni baba yako. Nikapita pembeni.

## Neno ndugu

Nimeizungusha ile sentensi mpaka nimechoka. Huyu ni ndugu yako kwa vyovyote vile. Kila neno ni la kweli, na kweli hiyo haitoki kwenye maabara, inatoka kwenye lugha yetu. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka, ni dada. Ndugu wa kiume wa baba yako ni baba tu, unaongezea mkubwa au mdogo upate kujua anazungumziwa nani. Kiswahili hakijawahi kuhitaji 866 wala 1,750 ili mtu aitwe kaka yangu, na mimi hilo nalipenda, nimelisema hapa mara nyingi kwamba wenzetu wenye neno moja la mbali, cousin, kwa mtoto wa baba mdogo wanakosa kitu.

Ila siku ile nilikitumia nikajifichia ndani yake.

Yani nilichukua neno lenye upana wote ule, neno la kukaribisha, nikalitumia kumfanya mtu asiulize. Nilijua atalisikia kwa upande mmoja. Na nilihitaji alisikie kwa upande mmoja, maana ningesema neno baba, angeweza kukataa, na bila yeye hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kupima.

Kuna kesi huwa naikumbuka sana siku hizi. Kijana mmoja wa familia yenye asili ya Ghana alirudi Uingereza kwa mama yake akitokea Ghana, maafisa wa uhamiaji wakamzuia, wakasema huyu anaweza kuwa mtu baki kabisa au mtoto wa dada wa huyu mama. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye mwaka 1984 ndo alikuwa ameipata namna ya kusoma alama za DNA, akaletewa damu zao mwaka 1985. Baba hakupatikana, ikabidi alama zake zikusanywe kutoka kwa watoto wengine watatu wa yule mama. Ikaonekana ni mwanawe.

Mara ya kwanza kabisa kipimo hiki kutumika kwenye maisha ya watu, swali lilikuwa hilihili. Ni mtoto wako au ni mtoto wa dada yako. Kwetu huyo ni mwanangu tu, ananiita mama mkubwa au mama mdogo, ila mpakani hawakutaka kusikia hayo, walitaka mstari. Na yule mama alijua kabisa wanachokitafuta kwenye damu yake. Dada huyu niliyemwandikia mimi hakujua.

## Wale mabibi

Rafiki yangu, siku nilipomwambia haya yananisumbua, hakunielewa kwanza. Akasema mimi nina haki ya kumjua baba yangu. Na anayo. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 7, unasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Na hayo maneno yana watu nyuma yake, wakiwemo wale mabibi wa Argentina, Abuelas de Plaza de Mayo, ambao wanajeshi walipotawala kuanzia 1976 hadi 1983 waliwapoteza watoto wao, na watoto wa watoto wao wakachukuliwa wakagawiwa familia nyingine. Wazazi hawapo, utampimaje mjukuu? Mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, akawasaidia kupata njia ya kumtambua mjukuu kupitia damu ya bibi na jamaa wengine, wazazi wakirukwa. Benki ya taifa ya kutunza hizo alama ikaanzishwa mwaka 1987, na wajukuu zaidi ya 130 wamepatikana.

Nilikuwa naitumia hii habari kama jibu langu kila mtu akiniuliza kwa nini nafanya kazi hii. Bado ni jibu langu.

Ila siku hizi nasoma na upande wa pili wa habari hiyohiyo. Kulikuwa na wajukuu, watu wazima sasa, ambao hawakutaka kupimwa. Waliwapenda waliowalea, au waliogopa, au walichoka. Nchi ikabishana miaka na miaka mpaka mwaka 2009 ikapitishwa sheria kwamba jaji anaweza kuagiza DNA ichukuliwe hata kwenye vitu vya mtu. Kule palikuwa na uhalifu mkubwa, kuna waliouawa, siwezi kulinganisha na mambo yetu. Lakini angalau lile swali lilisemwa hadharani, huyu ana haki ya kujua na huyu hataki kujua, tufanyeje. Mimi swali hilo nilimaliza peke yangu, kwenye simu, kwa neno tutaona.

## Usiku ule

Nilikuwa nimepanga nimpigie dada asubuhi, nimwombe akae chini kwanza, niongee taratibu. Saa tano na nusu akapiga yeye.

"Nimeona jina lake limetokea," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu. "Imeandika ndugu wa karibu sana. Hiyo ina maana gani sasa?"

Nikamwambia. Sikumbuki maneno niliyotumia. Nakumbuka nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea, halafu ikapunguzwa sauti, halafu ikazimwa kabisa, halafu akaanza kunong'ona.

"Baba?"

Nikasema ndiyo.

"Baba yangu mimi?"

Nikasema ndiyo dada.

Akanyamaza muda mrefu, nasikia anavyopumua tu. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, mama yuko chumba cha pili. Hakuniambia mimi hasa, ni kama alikuwa anajikumbusha mwenyewe. Mimi mama yake nilimjua kama kiboksi kwenye mti, jina na mwaka wa ndoa, hakuna alama ya kifo pembeni. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemtazama yule mama kwenye skrini na sikuwahi kufikiri kwamba anaweza kuwa chumba cha pili.

"Wewe ulijua?"

"Nilihisi."

Akakata.

Wiki tatu hakujibu kitu.

## Masikio

Asubuhi yake nikamwambia rafiki yangu. Alikaa kimya, halafu akaomba picha. Nilikuwa nayo moja tu, ndogo, ya kitambulisho, kaiweka jamaa mmoja wa kundi la kijani kwenye mti wake. Akaichukua simu yangu akaenda nayo bafuni, na mlango hakuufunga, nikamwona amesimama mbele ya kioo kaiweka ile simu pembeni ya shavu lake, anageuza kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto. Masikio. Yale masikio yaliyokaa mbali na kichwa, ambayo shuleni walimtania nayo, ambayo kwao kwa mama hakuna mtu mwingine anayo.

Alikaa mle bafuni kama dakika ishirini na mtu wa miaka arobaini na kitu alitoka akiwa analia kama mtoto, na nilimkumbatia, na furaha niliyokuwa nayo kwa ajili yake ilikuwa ya kweli kabisa, ila nilikuwa nasikia ile televisheni inavyozimwa.

Namba ni moja. 1,811 huku, 1,811 kule.

## Ningeandikaje

Nimejaribu kuiandika upya ile meseji mara nyingi. Nyingine ziko kwenye simu mpaka sasa hivi. Inayokaa vizuri kidogo inasema: dada, baba wa rafiki yangu ni mmoja kati ya watu wawili, baba yako au baba yako mdogo, na kwa ninavyoona mimi inaelekea zaidi kwa baba yako. Ukipima utajua pamoja na sisi. Hulazimiki, na ukitaka kuongea na watu wako kwanza tutasubiri.

Angeweza pia kupima na kuzima kile kitufe cha kuonekana kwenye orodha ya wengine, akakiwasha siku akiwa tayari, mama yake akiwa amesafiri, au akiwa ameshamwambia, au asikiwashe kabisa. Kitufe kipo. Sikumwambia.

Na hapa ndipo pananishinda. Kama ningeandika hivyo na akakataa, rafiki yangu angezeeka na watu wawili kichwani, asingeiweka ile picha pembeni ya shavu lake. Nikimtazama usoni siwezi kumwambia natamani tungekuwa hatujui. Nikimfikiria dada siwezi kusema nilifanya sawa. Watu wawili wengine wamenifuata tangu hapo na kazi za namna hii, mmoja nimemwandikia ndugu yake wazi kabisa, akakataa, na yule aliyekuwa anatafuta amenikasirikia mpaka leo. Namwelewa. Bado ningeandika vilevile.

Kilichobadilika kwangu ni kidogo. Ule mti, nikifika kwa mtu aliye hai, naacha kushuka. Naenda kwanza kutafuta nani anaishi naye.

## Mwezi

Jumapili moja jioni, baada ya zile wiki tatu, meseji ikaingia. Haikuwa na salamu.

"Alizaliwa mwezi gani?"

Mwaka alikuwa anaujua, nilishamtajia mwanzoni kabisa, na tulishaona wamezaliwa mwaka mmoja, tena yeye ndiye aliyelifurahia. Nilijua anahesabu. Nilijua anamweka mama yake ndani ya ule mwaka, mwezi kwa mwezi, alikuwa wapi, alikuwa na hali gani, na baba alikuwa anarudi nyumbani saa ngapi.

Safari hii sikujibu kutoka kichwani. Nikampigia rafiki yangu, nikamsomea ile meseji, nikamuuliza nimwambie au unataka kumwambia mwenyewe. Akafikiri. Akasema mwambie, halafu mpe namba yangu, akitaka.

Nikaandika: "Agosti. Na namba yake ni hii, anasema wakati wowote ukitaka, na usipotaka ni sawa."

Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Nilikuwa nimesimama jikoni na sikukaa mpaka ilipoingia.

"Mimi wa Machi."